Jirani Yangu Si wa Kahawia

Kuna watu wakistaafu wanafuga kuku. Wengine wanarudi kijijini kugombania mipaka ya shamba na ndugu zao. Mimi nimerudi kuchora, na naomba ijulikane kwamba kuku wangenipa amani zaidi.

Nasema nimerudi kwa maana mkono huu umeshika brashi tangu ujana, ila ile haikuwa kuchora, ilikuwa riziki. Kama uliwahi kunyoa Buguruni au Temeke kabla ya mashine za kuchapa mabango kuingia mjini, huenda kile kichwa ulichokionyesha kwa kidole ukasema "ninyoe kama huyu" nilikichora mimi. Nimechora panki, nimechora denge, nimechora akina dada wenye nywele zilizotiwa dawa mpaka zikasalimu amri. Nimechora ng'ombe wa bucha akitabasamu, na chini ya kwato zake bei ya nusu kilo. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza huyo ng'ombe anachekea nini.

Kazi ile ilikuwa na raha yake: rangi zilikuja zimeshaamuliwa. Nyekundu ilikuwa ile iliyoandikwa nyekundu kwenye kopo. Majani kijani, bahari bluu, jua njano. Ngozi ya binadamu ilikuwa kopo la kahawia. Ukitaka mtu awe maji ya kunde unaongeza nyeupe kidogo, unakoroga kwa kijiti, unaendelea na masikio. Kisha mashine zikaja. Kijana anabonyeza kompyuta, linatoka bango refu lenye picha ya mtu wa Marekani aliyenyolewa vizuri, na kinyozi wa Mbagala anaridhika. Sina neno. Nikafunga makopo, nikahangaika na mengine, watoto wakakua, wakaleta wajukuu.

Sasa nina kibaraza, nina muda, na nina miwani. Nikasema ngoja nichore kitu ambacho hakuna aliyeniagiza. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Tatizo la kwanza ni vifaa. Niliingia duka moja mjini linalouza vitu vya wachoraji, limejaa kiyoyozi. Nikashika tyubu ya rangi ndogo kuliko kidole gumba changu. Nikauliza bei. Binti aliponitajia, nikairudisha mahali pake kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, ni za mtoto wa shule?" Nikamwambia ni zangu mwenyewe. Akanitazama kwa huruma iliyonifanya ninunue tyubu moja ya njano kwa hasira.

Nikatoka hapo nikaenda kwa watu wangu, duka la vifaa vya ujenzi. Huko angalau nafahamika kwa sura. Muuzaji akauliza, "Unapaka nyumba au geti?" Nikamwambia napaka embe. Akafikiri kidogo, akauliza embe lenyewe lina mita za mraba ngapi.

Na hizo rangi za akriliki za kwenye tyubu, ukishazinunua, hazikusubiri. Zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi, naona hawakumfikiria mtu wa Dar es Salaam mwezi wa Januari. Unachovya brashi, unainua, unatafuta pa kuiweka, tayari imeshakauka njiani. Tena ikikauka inakolea zaidi ya ulivyoiona ikiwa mbichi. Umechanganya rangi ya embe bivu, umeridhika, unaenda kunywa chai, unarudi unakuta embe limeoza. Rangi ya mafuta nayo ina kasoro ya upande wa pili: inakaa mbichi siku nyingi, ikisubiri vumbi, nzi, na mjukuu wa kiume.

Basi nikaamua kujitengenezea. Kitambaa nikachukua marekani, nikampa seremala anikatie fremu, nikakitanda na kukikandika gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya ukutani. Hiyo ilifaulu. Nikapata kiburi. Nikaingia jikoni.

Jikoni kuna rangi, asikudanganye mtu. Tatizo ni kwamba kila rangi ya jikoni ina mwenyewe, na mwenyewe ni mama watoto. Nilianza na manjano. Ukiikoroga na maji kidogo na kuipaka kwenye karatasi ya manila inatoa njano ambayo yule binti wa kiyoyozi hana. Nikachora jua lote kwa manjano, nikalibandika karibu na dirisha watu walione. Jua la nje likaanza kulila jua langu. Kila nikiamka limepungua, mpaka likabaki duara lenye rangi ya chai ya wageni wengi. Rangi ya manjano haiwezi mwanga. Inafaa wali, haifai milele.

Lakini kabla haijafa ilinionyesha jambo. Palikuwa na magadi mezani, yale ya kulainishia maharage. Yakadondoka kwenye karatasi mbichi. Pale yalipogusa, njano ikageuka nyekundu hapo hapo, nyekundu nzito ya matofali, huku inatambaa pembeni. Nikaita watu. Nikadondosha tena. Nikafinyia limau juu yake, njano ikarudi. Mama watoto naye akaja kunawa mikono iliyoshika ile karatasi, akapaka sabuni, viganja vikawa vyekundu, akapiga kelele akidhani amejikata. Nilipomweleza kwamba manjano hugeuka hivyo ikikutana na magadi au sabuni, wala si damu, hakuonyesha kupendezwa na elimu hiyo. Aliuliza tu maharage yatapikwa na nini.

Nikajaribu rangi ya maji kwa njia ya wakongwe: gundi ya mgunga, ambayo shemeji yangu wa Singida aliniletea kwenye mfuko wa sukari, unaiyeyusha, unaweka unga wa rangi, na asali kidogo ili isipasuke ikikauka. Hivyo ndivyo wanavyofanya hata watengenezaji wakubwa, asali na yote. Ila sidhani kama viwanda vyao vimejengwa uswahilini. Asubuhi nilikuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye mchoro, na walikuwa wameshamaliza paa la nyumba. Walianzia kwenye zile sehemu nilizoona mwenyewe zimetoka vizuri.

Kwa nyekundu nilipata ya kudumu. Ule unga mwekundu wanaochanganya na saruji kusakafia vibaraza, bei yake si ya kutisha, kilo moja unachorea hadi wajukuu wa wajukuu. Na ni rangi ya heshima. Ni kutu ya chuma, ndugu mmoja na udongo mwekundu waliotumia wale wazee waliochora watu na wanyama kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wale walichora maelfu ya miaka iliyopita, na michoro ipo. Kitu kilichokwisha kuwa kutu, jua na mvua vitakifanya nini tena? Mimi mchoro wangu wa manjano haukufika hata mwisho wa mwezi.

Bluu ndiyo iliyoleta kesi. Nilikumbuka ile bluu ya kufulia, ule unga wa zamani unaotiwa kwenye maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe ing'are. Ule unga si kitu kidogo. Zamani bluu hiyo ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa milimani Afghanistan, likasafirishwa mpaka Ulaya, na wachoraji wakaililia bei kama tunavyolilia ya mafuta ya taa. Mwaka 1824 chama kimoja huko Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kuitengeneza kiwandani kwa bei nafuu, na mwaka 1828 zawadi ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Bluu hiyo ilitengenezwa kwa udongo mweupe, magadi, salfa na mkaa, vikichomwa pamoja. Ukiondoa salfa, hivyo vyote viko nyumbani kwangu. Kilichokuwa cha wafalme kikaishia kwenye beseni la kufulia.

Niliyaeleza haya yote mama watoto aliponikuta na pakiti yake tupu. Alisikiliza hadi mwisho, hilo namsifu. Kisha akanyanyua shati la shule la mjukuu, kola imeshaingia unjano, akanishikisha. Akaondoka.

Sasa ulipofika wakati wa kuchora chenyewe, ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile ya makopo sikuwa nimetazama kitu. Nilikaa chini ya mwembe wetu na kipande cha mkaa. (Mkaa wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi, chukua vijiti vyembamba, vifungie kwenye kopo la maziwa lenye tundu dogo, uweke motoni mpaka moshi uishe. Huo unateleza.) Nikautazama mwembe. Shina, ambalo nimelichora kahawia kwenye mabango ya hoteli zote za barabara ya Kilwa, lilikuwa la kijivu, na upande wa ukuta lilikuwa na ukijani wa kuvu. Majani ya zamani yalikuwa kijani cheusi, na pale jua lilipoyapiga yalikuwa meupe kabisa, yanaakisi mbingu. Majani machanga, kwenye ncha za matawi, yalikuwa mekundu. Mekundu ya shaba, yamelegea, yananing'inia. Nimeishi na mwembe huu tangu nahamia hapa.

Nikachora nilichokiona. Mjukuu wangu wa darasa la tatu akaja kusimama nyuma yangu. "Babu, majani ni ya kijani." Nikamwambia tazama. Akatazama, akanyamaza, akaenda kuchukua daftari lake. Akachora mwembe wenye majani mekundu juu, kwa kalamu za rangi, vizuri sana kuliko wangu. Siku iliyofuata akarudi kutoka shule na alama ya kosa kubwa juu ya mti na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Majani kijani." Ningekwenda huko shuleni na tawi mkononi kama mama watoto asingenificha viatu.

Halafu kuna washauri. Kila anayepita kibarazani ni mshauri. "Mzee, chora tembo. Tembo wananunua." "Weka Wamasai watatu na jua linazama." Mmoja akaniambia twiga analipa zaidi kwa sababu shingo inajaza nafasi. Wote wanamtaja Edward Saidi Tingatinga, kana kwamba alikuwa mfanyabiashara wa tembo. Yule bwana wa Tunduru alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Muda wenyewe aliopewa ni huo tu, na ameacha jina linalolisha watu mpaka leo. Nikimfikiria na rangi zake za baiskeli, manung'uniko yangu ya tyubu yanapungua. Hayaishi.

Lakini kwa nini hakuna anayenitajia Sam Ntiro? Mtu wa Machame, alisoma na kufundisha Makerere, akawa balozi wetu Uingereza baada ya uhuru. Alichora watu wa kwao mlimani, mashamba yao na shughuli zao. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilinunua mchoro wake wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Pombe ya ndizi! Nilipomsimulia yule mshauri wa twiga, akauliza kama hiyo pombe ilichorwa kwenye chupa au kwenye kibuyu.

Basi nikasema nitachora jirani. Jirani yetu wa mlango wa pili ana desturi ya kukaa kibarazani kwake saa nne asubuhi akichambua mchele, na siku hiyo alikuwa amejitanda kanga ya njano kali. Nikaomba ruhusa, akaikubali kwa kutengeneza kilemba upya. Nikachukua nyekundu ya sakafu, bluu ya mwisho iliyobaki kwenye kona ya pakiti, na ile njano ya hasira. Nyeusi sikuigusa, wala sikufungua kopo la kahawia, ingawa lipo, limeganda.

Nataka msomaji aelewe nilichokiona. Paji la uso lilikuwa na bluu, kwa sababu ndiko mbingu ilikokuwa. Shavu la chini lilikuwa na wekundu uliopanda kutoka sakafuni. Na pale kivuli cha taya kilipoangukia shingo, pembeni kabisa ya ile kanga, palikuwa na zambarau. Si kidogo. Zambarau iliyokomaa. Nikaivumilia nusu saa nikitumaini itaondoka, haikuondoka, nikaipaka.

Akaja kutazama. Kimya. Kisha: "Shemeji, ndiyo mimi huyu?" Nikasema ndiyo. "Mbona umenipaka zambarau? Mimi maji ya kunde, waulize watu." Na watu wakaulizwa. Baraza likakaa papo hapo: muuza genge, mama wa vitumbua, kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria. Mama wa vitumbua akasema pua ni yenyewe ila rangi ni ya mgonjwa. Muuza genge akasema bilinganya. Kijana wa bodaboda ndiye pekee aliyefanya kazi ya kutazama, akainama, akafumba jicho moja, akasema, "Zambarau ipo, mama. Ukigeuka hivi ipo." Akaambiwa anyamaze, hana adabu.

Nikajaribu kuwasimulia habari za Chevreul. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alipewa usimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wateja wakaja juu: nyeusi yenu imepauka, hasa ikikaa karibu na bluu. Akapima nyuzi, akakuta nyeusi haina tatizo lolote. Tatizo lilikuwa macho ya wateja, maana rangi moja ikikaa kando ya nyingine, jicho linaisukuma ile ya pili kwenda upande wa pili. Weka njano, jirani yake ataelekea zambarau. Akaandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1839, na akaishi mpaka miaka 102, jambo ambalo kwa mtu aliyesumbuliwa na wateja kiasi kile ni muujiza. "Kwa hiyo unasema," jirani akauliza, "tatizo ni macho yangu?"

Aliyeniokoa ni mama watoto, naye hakuja kuniokoa, alikuja kuchungulia kelele. Aliutazama mchoro, akamtazama jirani, akamvua ile kanga begani bila kuomba. "Tazama shingo sasa." Zambarau ikanywea. Akamrudishia kanga. Zambarau hiyo ikarudi. "Nguo nyeupe ikishika unjano, natia bluu inanyamaza," akasema. "Wewe njano umeijaza begani, unataka shingo isijibu? Nenda kavae ya kijani tuone kama hujawa mwekundu." Kisha akanigeukia, "Na bluu yangu utainunua leo." Chevreul alihitaji kiwanda cha mfalme. Huyu alihitaji beseni.

Jirani akaenda kuvaa ya kijani. Akarudi mwekundu. Akavaa ya bluu, shingo ikashika rangi ya dhahabu, akaganda mbele ya kioo cha pikipiki ya yule kijana akijitazama, na ikawa hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na kesi. Mchoro aliuchukua bila kuuliza bei. Ameutundika sebuleni, mkabala na mlango, na wageni wakiuliza kwa nini yeye ni zambarau anawaeleza kwa kirefu, kwa sauti ninayoisikia huku kwangu, kwamba ni mambo ya kanga, hawawezi kuelewa.

Sasa sina pa kupumulia. Wanawake wa mtaa mzima wanakuja na mafungu ya kanga, wanazibadilisha mabegani mmoja mmoja, wananiamuru nitazame shingo. Mama wa vitumbua anataka awe na bluu shavuni, na mikono ipunguzwe. Muuza genge anataka achorwe na nyanya zake lakini bei zisionekane. Hakuna anayelipa, wanasema si unachora kwa kujifurahisha. Bluu nanunua mimi, pakiti mbili mbili, moja yangu na moja ya mashati. Na kesho ni zamu ya mjumbe wa shina. Anataka achorwe amevaa suti, na suti hana. Nimemwambia alete walau tai, suti nitaichora, ila rangi ya tai aangalie, maana itakayotokea shingoni asije akaniitia kikao.